Mtoto na bastola ya nyumbani: kipi kinafundishika, kipi kinafungiwa

Mwaka 2001 jarida la Pediatrics, la madaktari wa watoto wa Marekani, lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Atlanta, jimbo la Georgia. Wavulana wa miaka 8 hadi 12 waliingizwa, wawili au watatu kwa mara moja, kwenye chumba chenye kioo kinachomruhusu aliye nje kuona ndani bila yeye kuonekana. Kwenye droo moja kulikuwa na bastola mbili za maji. Kwenye droo nyingine iliwekwa bastola halisi, haina risasi, imefungwa kifaa cha kuonyesha kama mtoto amevuta kifyatulio kwa nguvu ya kutosha kufyatua. Watoto wakaachwa wacheze kwa muda usiozidi dakika 15.

Makundi yalikuwa 29. Makundi 21 yaliikuta bastola halisi, 16 kati yake yakaishika, na katika makundi 10 alikuwepo mtoto aliyevuta kifyatulio. Karibu nusu ya wavulana walioikuta walidhani ni ya kuchezea au hawakuwa na hakika. Kisha watafiti waliuliza swali moja zaidi, wakagundua kwamba zaidi ya asilimia 90 ya walioishika au kuifyatua walikuwa wameshawahi kufundishwa, kwa namna moja au nyingine, juu ya usalama wa silaha.

Jibu hilo la mwisho ndilo linalonisumbua kila nikisikia mzazi akisema, "Wangu nimeshamwambia, anajua." Mafunzo yana nafasi yake, na hapa nitaeleza ni ipi. Hatari inaanza pale mzigo wa mwenye silaha unapohamishiwa begani kwa mtoto wa miaka mitano kwa sababu tu alishaambiwa.

Jambo hili linawahusu wasomaji wa Kiswahili kuliko wengi wetu tunavyodhani. Louisville, Dayton, Dallas, Boise, Phoenix: kote huko Marekani kuna familia za Wakongomani, Warundi, Wakenya na Watanzania ambazo watoto wao wanacheza kwa majirani kila wikiendi. Wengi wetu tulikulia mahali ambapo bunduki ni ya askari, unaiona getini benki au barabarani, humuoni mtu akiilalia chini ya mto. Marekani mambo ni tofauti. Utafiti wa kituo cha Pew wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba takriban watu wazima wanne katika kila kumi wanaishi kwenye nyumba yenye silaha. Na mwaka 2020 risasi zilizipita ajali za magari, zikawa sababu ya kwanza ya vifo vya watoto na vijana wa miaka 1 hadi 19 nchini humo.

Takwimu hiyo isomwe kwa uangalifu. Sehemu kubwa yake ni vijana wa miaka ya juu, waliouawa au waliojiua. Mtoto mdogo anayejipiga au kumpiga ndugu yake kwa bahati mbaya ni sehemu ndogo ya jumla. Lakini ukifuatilia vifo vya namna hiyo, mara nyingi unafika palepale: ni nyumbani, au kwa ndugu au rafiki, na silaha ilikuwa na risasi ndani na haikufungiwa. Ndiyo maana sehemu hiyo ndogo inazuilika na watu wa nyumba yenyewe.

Sasa tuanze kutenganisha yaliyochanganyika. Kuna masomo mawili yanayoitwa kwa jina moja, usalama wa silaha, na kila moja lina mwanafunzi wake.

La kwanza ni la anayeitumia. Chukulia kila silaha kuwa ina risasi hata kama umeambiwa haina. Usielekeze mtutu kwa kitu usichotaka kukiharibu. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umeamua kupiga. Jua unachokilenga na kilichoko nyuma yake. Haya wanafundishwa watu wanaokwenda kwenye viwanja vya kulenga shabaha au kuwinda, na kwenye familia za wawindaji za Montana au Texas mtoto anaweza kuanza kuyasikia akiwa bado wa shule ya msingi, mkono wa mzazi ukiwa juu ya wake.

Somo la pili ni la anayeikuta. Halina shabaha wala mtutu, lina vitendo vinne tu: simama, usiguse, ondoka mbio, mwambie mtu mzima. Maneno haya yalisambazwa na chama cha wamiliki wa bunduki cha Marekani, NRA, kuanzia mwaka 1988, kupitia mradi ulioanzishwa na Marion Hammer wa Florida na mhusika wake wa katuni, tai aitwaye Eddie Eagle. Wapo wanaokipinga chama hicho kwa kila kitu, lakini ujumbe wenyewe ni sahihi na sijaona sababu ya kuukataa. Mtoto wa miaka minne anauhitaji huo, na hauhitaji ule wa kwanza hata kidogo. Mzazi anayempeleka mtoto wa miaka mitano kulenga makopo, kisha akarudi nyumbani akiamini kwamba sasa mtoto ana usalama, amefundisha somo la mtu mwingine. Alichompa mtoto ni ujasiri wa kushika.

Wamiliki wengi wa silaha wana hoja inayostahili kusikilizwa. Wanasema marufuku inaongeza hamu, kwa hiyo ni afadhali mtoto aambiwe, "Ukitaka kuiona, niambie wakati wowote, nitakutolea tuitazame pamoja," ili kisiwe kitu cha siri. Kwa mtoto mkubwa kidogo naiona ina mantiki, kwa sababu inampa mahali pa kupeleka maswali yake. Lakini isichukuliwe kuwa kinga. Huko Atlanta wazazi waliulizwa mapema kama wana wao wanavutiwa na bunduki. Waliotajwa kwamba wanavutiwa kidogo tu waliishika bastola na kuvuta kifyatulio sawasawa na wale waliotajwa kuwa wanazipenda. Hamu ya mtoto haipimwi kwa macho ya mzazi. Nasi wenye methali ya mtoto akililia wembe mpe, tukubali kwamba waliotunga walikuwa na kidonda cha kidole akilini. Wembe unamwacha mtoto akiwa hai na funzo lake.

Umri nao haujali kama mtoto ana akili nyingi au ni mtiifu. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 1995 ulipima nguvu za vidole vya watoto ukakuta kwamba robo ya wenye miaka 3 na 4 wanaweza kuvuta kifyatulio cha bastola nyingi, na kwa wenye miaka 5 na 6 ni asilimia 70. Anayeamini kwamba kifyatulio ni kigumu mno kwa mtoto mdogo hajamwona akifanya. Kidole kimoja kikishindwa, mtoto anaigeuza bastola, anaishika kwa mikono yote miwili na kusukuma kwa vidole gumba. Ukiichora akilini picha hiyo utaona mtutu unakuwa umeelekea wapi: kifuani au usoni pake.

Desemba 30, 2014, mjini Hayden, jimbo la Idaho, mtoto wa miaka miwili aliyekaa kwenye kitoroli cha kununulia vitu dukani alichomoa bastola kwenye mkoba wa mama yake, ikafyatuka, mama akafa papo hapo. Mama huyo alikuwa mwanasayansi, na silaha alikuwa nayo kihalali. Kwa mtoto wa miaka miwili hakuna somo. Hakuna wimbo, katuni wala kiboko kitakachomfikia. Kwa umri huo kuna kufungia tu, kama ambavyo mafuta ya taa hatuyaachi kwenye chupa ya soda sakafuni tukitegemea mtoto atasoma lebo.

Kuanzia miaka minne hivi ndipo kufundisha kunapoanza kuwa na maana, na ndipo wengi wanapojidanganya. Mwaka 2004 Raymond Miltenberger na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Dakota waliwafundisha watoto wa chekechea kwa njia mbili tofauti. Kundi moja lilipewa mafunzo ya Eddie Eagle: kuzungumza, kuimba, kuchora. La pili lilionyeshwa vitendo, likafanyishwa mazoezi kwa mwili, likasahihishwa na kusifiwa papo hapo. Walipoulizwa wafanye nini wakikuta bunduki, wote walijibu vizuri. Walipoambiwa waigize, wale wa mazoezi walikuwa mbele. Kisha watoto wakawekwa, bila kujua, mahali penye bastola halisi isiyoweza kufyatua. Hapo makundi yote mawili yaliyumba. Yale waliyoyasema kwa usahihi mkubwa hayakuonekana mikononi.

Jambo hili ukilielewa unaelewa tatizo zima. Mtoto wa miaka mitano akiulizwa na mwalimu, anajibu swali la mwalimu. Akiwa peke yake chumbani na kitu kinachong'aa droo ya chini, hakuna aliyeuliza swali. Hana mtu mzima mbele yake wa kumkumbusha kwamba sasa ndio wakati wa lile somo, na mara nyingi hajui hata kama kitu chenyewe ndicho kilichozungumziwa. Katuni ilimwonyesha bunduki iliyochorwa. Hii ni nzito, ni baridi, ina harufu ya mafuta, na yuko na binamu yake.

Watafiti hao waliendelea mbele kidogo, na hatua yao iliyofuata ndiyo ninayotaka wazazi waichukue. Mtoto aliyeshindwa hakukaripiwa. Mkufunzi alitokea palepale, wakati bado yuko mbele ya bastola, akamuuliza alipaswa kufanya nini, akamfanyisha mara kadhaa papo hapo. Waliofundishwa hivyo, katika tukio lenyewe, wengi walibadilika.

Nyumbani unaweza kulifanya hili bila gharama, ila kwa sharti moja lisilo na mjadala: usitumie silaha halisi, hata kama umeitoa risasi mwenyewe na kukagua mara tatu. Chukua bastola ya plastiki. Kwanza mwonyeshe wewe. Ingia chumbani, itazame juu ya meza, simama, mikono nyuma, sema kwa sauti "siigusi," geuka, toka, nenda jikoni kwa mama au kwa dada mkubwa, mwambie, "Nimeona bunduki mezani." Kisha mwambie mtoto afanye, na afanye kwa miguu yake, kwa sababu kusimulia peke yake hakutoshi. Utashangaa hatua zinazomponyoka. Wengi wanasimama vizuri, hawagusi, halafu wanabaki hapo hapo wakiitazama. Wengine wanaondoka lakini hawasemi, kwa kuogopa kuulizwa walikuwa wanafanya nini chumbani kwa baba. Hilo la pili ni letu sisi, tunaojibu kila taarifa ya mtoto kwa "na wewe ulikwenda kufanya nini huko?" Mtoto akija kusema ameona silaha, jambo la kwanza kutoka mdomoni mwako liwe asante. Kosa la kuingia chumbani bila ruhusa lisubiri.

Siku kadhaa baadaye, bila kumtangazia, iache ile ya plastiki mahali atakapoikuta, nawe uwe karibu unamwona. Akifanya vizuri msifu kwa kutaja alichofanya: "Umeiacha, umekuja kuniambia, ndivyo hivyo." Akiigusa, ingia taratibu na mrudie zoezi palepale alipo. Badilisha mahali: sebuleni, kwenye begi, chini ya kiti cha gari, uani. Rudia baada ya miezi michache, kwa sababu mtoto husahau, na mtoto wa miaka sita si yule wa miaka minne.

Mzazi makini ataona kasoro hapa: tunamfundisha kutogusa kwa kutumia kitu cha kuchezea, wakati bastola nyingine za kuchezea anazo kwenye kikapu. Hoja hiyo ni ya kweli, na inatugusa hata Pwani, ambako sikukuu ya Idi haiishi bila watoto kununuliwa bastola za plastiki zenye taa na mlio. Kanuni inayoeleweka kwa mtoto ni hii: ya kuchezea ni ile uliyopewa na mzazi mkononi. Yoyote uliyoikuta mwenyewe, popote, hata kama ina rangi ya machungwa, ni ya kweli mpaka mtu mzima aseme. Mimi binafsi nyumbani nisingeweka zile zinazofanana kabisa na halisi, kwa sababu tunaona nusu ya wavulana wa miaka 8 mpaka 12 walishindwa kuzitofautisha.

Kwa watoto wakubwa kidogo kuna habari inayotia moyo. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio walichapisha jaribio la watoto 226 wa miaka 8 hadi 12. Nusu walitazama video ya dakika moja ya usalama wa silaha, ikizungumzwa na mkuu wa polisi aliyevaa sare. Wengine walitazama video ya usalama wa gari. Wiki moja baadaye walikuta bastola kwenye droo. Waliotazama ya magari, asilimia 67 waliigusa. Waliotazama ya silaha, asilimia 39. Kumwambia mtu mzima kulipanda kutoka asilimia 11 hadi 34. Dakika moja tu, na tofauti ni kubwa. Isome tena kwa upande wa pili: kati ya watoto waliofundishwa wiki iliyopita, wanne katika kumi bado waliishika. Hakuna mtu angekubali kupanda ndege kwa uwezekano huo.

Ndiyo sababu kufuli linatangulia.

Mwenye silaha aanze na kitu kimoja ambacho huwaponyoka hata watu wazima wanaodhani wanazijua. Bastola ya kisasa ina magazini, kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini. Ukichomoa magazini, risasi moja inaweza kuwa imebaki juu, kwenye chemba, yaani nafasi iliyo nyuma ya mtutu, tayari kuondoka. Bastola "isiyo na magazini" imeua watu wengi. Kuitoa risasi maana yake ni kuchomoa magazini, kisha kuvuta kitelezo cha juu nyuma kabisa, risasi iliyomo itoke, utazame chemba kwa macho, uingize ncha ya kidole uhakikishe patupu. Yote hayo mtutu ukiwa umeelekea mahali ambapo risasi ikitoka haitampata mtu, nawe ukikumbuka kwamba kuta za nyumba nyingi za Marekani ni mbao na jasi, risasi inapenya mpaka chumba cha pili.

Baada ya hapo zipo njia za kuifunga. Rahisi kuliko zote ni kufuli la waya. Waya wake unapitishwa kwenye tundu la kutolea maganda, unatokea chini panapoingia magazini, na bastola inabaki wazi, haiwezi kujifunga wala kupokea risasi. Kufuli hizi zinatolewa bure kwenye vituo vingi vya polisi Marekani, mamilioni yameshagawiwa kupitia mradi wa Project ChildSafe, na sheria ya nchi inamtaka muuzaji mwenye leseni aambatanishe kifaa cha kufungia na kila bastola anayomuuzia mtu wa kawaida. Ya pili ni kasha dogo la chuma la tarakimu au alama ya kidole, linalofungwa kwa skrubu kwenye kitanda au ukuta. Hilo ndilo jibu kwa anayesema, "Nikivamiwa usiku nitahangaika na ufunguo gizani?" Kasha hufunguka kwa sekunde chache. Ya tatu ni sefu kubwa, kwa mwenye bunduki ndefu au silaha kadhaa. Risasi zikae pengine, nazo zikiwa zimefungiwa.

Je, inasaidia? Mwaka 2005 JAMA, jarida la madaktari wa Marekani, lilichapisha utafiti uliolinganisha nyumba za Washington, Oregon na Missouri ambazo mtoto au kijana alijiua, alijaribu kujiua au alijeruhi kwa bahati mbaya kwa silaha, na nyumba zenye silaha ambako hayakutokea. Pale silaha ilipofungiwa, uwezekano wa tukio ulikuwa chini kwa asilimia 73. Ilipowekwa bila risasi, asilimia 70. Risasi zilipofungiwa, asilimia 61. Hakuna video wala katuni iliyowahi kufika karibu na hapo.

Na kuficha si kufungia. Juu ya kabati, chini ya godoro, kwenye boksi la viatu, ndani ya mkoba, hizo ni sehemu ambazo mtoto anazijua kabla hajajua kusoma. Madaktari wa Alabama waliwauliza wazazi na watoto wao wa miaka 5 hadi 14, kila mmoja peke yake. Matokeo yalitoka mwaka 2006. Kati ya wazazi waliosema mtoto hajui silaha inakaa wapi, asilimia 39 walikanushwa na mtoto mwenyewe. Kati ya waliosema mtoto hajawahi kuishika, asilimia 22 walikanushwa. Januari 2023, huko Newport News, Virginia, mtoto wa miaka sita alimpiga risasi mwalimu wake darasani. Mwalimu alipona. Mtoto alieleza kwamba alipanda kwenye droo kufika juu ya kabati la nguo, kwenye mkoba wa mama. Mama alihukumiwa kifungo, katika mahakama ya shirikisho na ya jimbo.

Sheria za kumwajibisha mtu mzima zilianza Florida mwaka 1989 na sasa majimbo mengi yanazo, ingawa zinatofautiana. Michigan ilianza kutekeleza yake Februari 2024. Aliyehamia akitoka jimbo moja kwenda jingine aulize polisi wa hapo, asitegemee alichokijua alikotoka.

Afrika Mashariki sura ni nyingine lakini kiini ni kilekile. Mwenye leseni wa Dar es Salaam au Nairobi, mfanyabiashara mwenye bastola, anaweza kununua sefu na hana kisingizio. Ugumu uko kwa mzee wa kijijini mwenye gobole la kufukuzia nguruwe pori, au askari wa akiba wa Turkana na Baringo anayelala na bunduki ya serikali kwenye nyumba ya chumba kimoja na watoto watano. Huko nisizungumzie kasha la alama ya kidole. Sanduku la bati, lile tranka la mwanafunzi wa bweni, likiwa na kufuli nzuri na mnyororo wa kulifunga kwenye nguzo, linatosha kumzuia mtoto. Magazini ikae kwa mwenyewe, mwilini. Na gobole lishindiliwe siku ya kazi, lisiachwe limeshindiliwa ukutani.

Mtoto wa huko afundishwe pia kitu ambacho mafunzo ya Marekani hayakigusi sana: risasi za kuokota na mabaki ya silaha za vita. Jijini Dar es Salaam, Aprili 2009 ghala la silaha la jeshi lilipolipuka Mbagala, kisha Februari 2011 likalipuka la Gongo la Mboto, mabomu yalirushwa mpaka kwenye makazi ya watu, na wananchi waliambiwa wasiguse wanachokikuta, watoe taarifa. Goma, Januari 2025, mapigano yalipotulia mitaani kulibaki silaha na risasi zilizotupwa. Mtoto akiokota risasi anaigonga kwa jiwe, anaitia motoni kuona itafanyaje, anaivaa shingoni. Lile somo la anayekuta linamfaa vilevile, likiwa na nyongeza: usiirushie mawe, usiipeleke nyumbani kwa nia njema kumwonyesha baba. Aje baba mahali ilipo, au aitwe mwenye kazi yake.

Limebaki moja, na kwetu ni gumu kuliko kununua kufuli. Unaweza kuwa huna silaha kabisa na mtoto wako akaikuta kwa jirani. Madaktari wa watoto wa Marekani wanawahimiza wazazi kuuliza kabla ya kumpeleka mtoto kucheza, na wameitengea siku, Juni 21. Sisi tumelelewa kutohoji ya nyumba za watu. Kumuuliza mwenyeji kama ana bunduki kunasikika kama kumshuku. Dawa ni kulichanganya swali na mengine ambayo kila mama anayauliza, na kuliuliza kila nyumba, iwe ya Mmarekani au ya shemeji.

"Mama Imani, asante kwa kumkaribisha Baraka Jumamosi. Karanga hali, zinamvimbisha. Mbwa anamwogopa. Halafu kuna kitu huwa nauliza kila anakokwenda, usinielewe vibaya: hapo nyumbani kuna silaha, na kama ipo imefungiwa?"

Akijibu, "Ipo, ya baba Imani, iko kwenye sefu na ufunguo anao yeye," mshukuru, mpeleke mtoto. Wengi hujibu hivyo bila kukasirika, na wengine huanza kuuliza na wao. Akijibu, "Ipo, lakini iko juu kabisa, watoto hawaijui," wakumbuke wale wazazi wa Alabama, karibu wanne katika kila kumi, waliosema hivyohivyo wakakanushwa na watoto wao, na usibishane naye kwenye simu. Mwambie, "Basi dada, Jumamosi hii waje wote kwangu, nitapika pilau."